Injini ya Mgomba

Gari lenyewe lilikuwa dogo hivi kwamba mtu mrefu akiingia magoti yalimfika kidevuni. Lilikuwa na milango miwili, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na lilikuwa limekufa. Niliuziwa na sista Mzungu, mkunga aliyekuwa akizunguka vijijini, kwa shilingi mia tatu, siku chache kabla ya kurudi kwao. Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru na Wazungu wengi pale Kakamega walikuwa wakifunga masanduku. Kila Jumamosi mtu aliuza meza, mwingine kitanda, mwingine mbwa.

Nilijua ninanunua maiti. Sista hakunificha kitu. Maji yalikuwa yamekwisha kwenye rejeta akitoka Malinya, injini ikachemka, na msamaria mmoja akaja mbio na debe la maji baridi ya kisima, akayamwaga yote kwa moyo mweupe. Bloku ya injini ikapasuka. Mtu wa akili zake angelipita gari hilo kama alivyopita mbwa wa yule Mzungu mwingine.

Lakini mimi nilikuwa na sababu. Kazi ya sista ilibaki wazi, na ofisi ya afya ilitangaza kwamba itampa mkunga yeyote mwenye cheti, leseni na gari lake mwenyewe lililokaguliwa kabla ya mwisho wa Februari. Cheti nilikuwa nacho. Leseni pia, maana sista alinifundisha kuendesha katika gari lile lile, barabara ya Khayega, watu wakisimama shambani na majembe mikononi kutazama. Waliotaka kazi hiyo tulikuwa wawili. Mwenzangu alitoka mbali na alikuwa na gari zima. Mimi nilikuwa na gari lisilo na moyo, na majuma saba.

Basi nikachukua daftari na kuandika. Injini ya mkono wa pili, mia nne hamsini. Usafiri, arobaini. Fundi, mia. Mafuta, mipira ya maji, mkanda wa feni, ukaguzi, na mstari wa mwisho nikauandika "mengineyo" kwa sababu nilimwona karani mmoja akifanya hivyo. Jumla ilipita mia saba. Akiba yangu yote ilikuwa mia mbili na kumi. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu, kila mara nikiwa na hasira zaidi, kana kwamba daftari ndilo lililonidhulumu.

Baba aliniona. Alikuwa mkulima tu hapo Khayega, mzee wa kanisa, na kitu kimoja alichojivunia duniani kilikuwa fahali wake wa kupigana. Alimlisha kwa mkono, alimwimbia, na siku za mchezo alitembea mbele yake kwenda uwanjani huku ngoma za isukuti zikilia nyuma na vijana wakirusha matawi. Watu wa Malinya walimjua baba kwa fahali kabla ya kumjua kwa uso.

"Mama," akaniuliza, maana nilipewa jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine, "hiyo kitabu inakulizanga nini?"

Nikamwonyesha. Hakujua kusoma tarakimu nyingi, lakini alitazama ukurasa kwa muda mrefu. Jumatatu iliyofuata alitoka na fahali asubuhi na akarudi mchana na kamba peke yake. Aliweka shilingi mia tano mezani, akaomba chai. Nilisimama mlangoni nikiangalia kamba ile imelala sakafuni, na nikaogopa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kunithamini kiasi hicho, na sikujua nitafanya nini na jambo kubwa namna hiyo zaidi ya kuhakikisha gari linakwenda.

Fundi nilielekezwa na kila mtu. Alikuwa mtu wa Ikolomani, mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kuvuta maji katika mgodi wa dhahabu mpaka mgodi ukafungwa, kisha akafungua gereji nyuma ya soko la mjini, paa la mabati na kuta hakuna. Hakuwahi kwenda shule. Futi kamba ya duka hakuitumia. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo aliyoyafunga mwenyewe, na ndiyo ilikuwa ofisi yake yote.

Aliposikia ninachotaka, alikuja kwetu Khayega, akafungua boneti, akatia kichwa ndani.

"Injini kama hii hupati tena," akasema. "Lakini kuna ndugu yake mkubwa, ya gari la mizigo la kampuni hiyo hiyo. Nasikia iko moja huko Likuyani."

Tulikwenda pamoja kwa lori la mahindi. Kule, katika shamba lililokuwa la Mzungu, ilikaa familia mpya kutoka Maragoli, na gari la mizigo walilolikuta limepinduka nyuma ya ghala walikuwa wamelifanya banda la kuku. Ingokho mmoja alikuwa ametaga juu ya kiti cha dereva. Injini ilikuwa nzima kabisa. Mwenye shamba alitaka mia nne na ishirini, taslimu, ndani ya siku kumi na mbili. Mwenye kinu cha kusaga alikuwa ameshaiona na kuipenda.

"Itaingia?" nikamuuliza fundi.

"Kamba inakuambianga urefu," akanijibu. "Haikuambii tumbo. Ngoja."

Kilichofuata sijakiona tena maishani. Aliomba panga na ruhusa ya kukata mgomba mmoja uliokwisha kuzaa. Akachagua sehemu nene ya chini, akaisimamisha kando ya injini ile, na akaanza kuchonga. Alipima kwa kamba, akakata, akapima tena. Mahali penye stata aliacha nundu. Mahali pa feni alitoa pua. Tumbo la oili alilichonga kwa kisu kidogo, akilipapasa lile la chuma kwa mkono wa kushoto na kulichonga la mgomba kwa wa kulia, bila kuangalia mikono. Mwenye shamba aliita mkewe. Mkewe akaita majirani. Kufikia alasiri kulikuwa na injini mbili pale chini, moja nyeusi yenye mafuta na moja nyeupe inayotoa maji, na katika mengine yote zilikuwa sawa. Mimi niliyezoea kuona watoto wakizaliwa, nilisimama pale mdomo wazi. Nilihisi nimeona kazi ya namna ile ile.

Tuliibeba hadi Khayega imefungwa kwa majani. Fundi alikuwa ameahidi kazi Kisumu kwa siku nne, na injini iliyokufa ilikuwa bado ndani ya gari, kwa hiyo akaniachia injini ya mgomba na agizo moja.

"Sista, hii ikae ndani ya maji mpaka nirudi niijaribu garini. Kijito chenu kinatosha. Isitoke."

Niliizamisha kijitoni kwa mikono yangu na kuiwekea jiwe. Nikamwambia baba asiruhusu ng'ombe wa jirani kuikanyaga, kisha nikarudi zamu hospitalini mjini. Fundi aliporudi, mimi sikuwepo. Niliambiwa tu kwamba aling'oa injini iliyokufa, akaitoa ile ya mgomba kijitoni, akaibeba hadi kwenye gari uani kwetu, na ikakaa ndani yake vizuri, nafasi ikabaki pande zote. Nilipopata habari hizo nilicheka peke yangu kwenye wodi ya wazazi. Siku hiyo hiyo nikatuma pesa Likuyani.

Injini ya kweli ilifika Jumamosi moja asubuhi juu ya magunia. Baba alikuwa amekata miti mitatu ya mkaratusi na kuifunga vichwa pamoja ili winchi ining'inie. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Watu walijaa uani, na wengine walikuja na viti vyao. Kabla ya kazi kuanza nilimwona baba akimvuta fundi kando karibu na jiko, akimweleza jambo kwa furaha na kuonyesha paa la jiko kwa kidole. Fundi alitazama paa. Kisha akavua kofia na kumshika mkono. Nikadhani wanazungumzia ile miti.

Ilipopanda, minyororo ikilia, watu waliinuka vitini. Chuma kizito hivyo kikining'inia hewani juu ya kigari kidogo kile kiliwarudisha nyuma hata akina mama wa sokoni. Ikashuka taratibu, fundi akiiongoza kwa viganja. Ikaingia nusu. Ikasimama.

Aliipandisha, akaishusha tena. Akajaribu kwa pembe nyingine. Ubavu wa kulia ulikuwa unagonga bati la ndani, na haikuwa kugonga kwa kusukuma kidogo. Vidole viwili vizima vilizidi.

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akageuka kwa watu wote na kusema kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia, "Nimekosea vipimo. Kosa ni langu."

Hapa naona haya kuandika, lakini niliyasema na watu waliyasikia. Nilimwita mjinga wa migomba. Nilimwambia arudi mgodini akapime mashimo. Nilimwuliza kama anajua kilichouzwa ili injini ile inunuliwe, na kama yeye ana ng'ombe wa kulipa. Siku tisa zilikuwa zimebaki kabla ya ukaguzi. Mwenye shamba wa Likuyani alikuwa ameshanunua mbolea kwa pesa yetu. Mwenzangu mwenye gari zima alikuwa ameshaonekana mjini akiulizia nyumba ya kupanga. Nililia kwa hasira mbele ya watu, jambo ambalo sikulifanya hata kwenye mazishi ya bibi. Fundi alisimama akayapokea yote, macho yake chini. Baba ndiye aliyenishika bega.

"Basi, mama. Mtu anakosanga. Huyu ni fundi mzuri, ni vipimo tu hajui."

Watu wakacheka kidogo, na uzito ukapungua.

Fundi akasema hatalipwa hata senti moja kwa kazi iliyobaki, na akaanza papo hapo. Alikata lile bati la ndani kwa patasi, akalipiga kwa nyundo mpaka likapata tumbo la kuipokea injini. Sanduku la betri akalihamishia nyuma ya kiti. Bomba la moshi akalipasha moto kwenye makaa na kulipinda, likapita karibu sana na miguu ya dereva, na tangu siku hiyo sikuwahi kuhisi baridi miguuni. Alikuja kila siku kwa miguu kutoka mjini, alfajiri, na sikumpa hata chai. Mama yangu mzazi ndiye aliyempa. Mimi nilipita pale nikiwa nimenuna, nikihesabu siku.

Siku ya saba aliniita. Nikaketi, nikavuta choki, nikabonyeza stata. Ilikohoa. Ikakohoa tena. Halafu ikashika, na gari lote likatetemeka chini yangu kwa uhai, na kioo kikatetemeka, na usukani ukatetemeka. Kwa muda sikumbuki hasira wala ofisi ya afya wala mtu yeyote. Nakumbuka tu kwamba kitu kilichokuwa kimekufa kilikuwa kinanguruma, na kwamba nilisema "Mungu wangu" kwa sauti, mara nyingi. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya boneti, kiganja chake juu ya bati, kama alivyozoea kumshika fahali wake shingoni.

Ukaguzi nilipita. Kazi nikapata. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimezalisha watoto kutoka Malinya hadi karibu na msitu, na wawili walizaliwa kwenye kiti cha nyuma, karibu na betri.

Kuhusu fundi, nilimlipa heshima ya juujuu. Nilikwenda kwake kubadilisha oili, nikasalimia, nikaondoka. Mjini maneno yalikuwa yameshaenea, na vijana walimwita fundi wa mgomba. Baba alisaidia kuyaeneza bila ubaya wowote. Kila aliyesifu gari aliambiwa: fundi mzuri, ila vipimo ndivyo vinamshinda.

Ikawa siku moja nampeleka baba kuona mchezo wa mafahali Malinya. Yule fahali wake wa zamani alikuwa anapigana kwa mwenyewe mpya, na baba alitaka kumwona. Njiani alikuwa na furaha, akaanza kuzungumzia gari na jinsi kila mtu alivyotoa jasho lake.

"Hata mimi nilisaidia," akasema. "Ule mgomba wa fundi ungeoza. Uliuacha ndani ya maji, mama! Nikautoa. Nikauanika juu ya paa ya jiko siku tatu, nageuza, nageuza. Siku fundi anarudi nikaurudisha kijitoni asubuhi, asione kama nimemwingilia kazi yake."

Baba yangu alikuwa mtu wa kuanika. Mahindi, maharagwe, ngozi, mikeka, hata vitabu vya nyimbo vya kanisa alivitoa juani kila Jumatatu. Kitu chochote kilichoingia uani kwetu kikiwa kibichi kilipelekwa paani. Kupima hakuwahi kupima kitu maishani mwake, na hakuona sababu ya kufikiri kwamba mgomba ukikauka unanywea.

Nilisimamisha gari katikati ya barabara.

"Fundi anajua?"

"Nilimwambia mwenyewe, siku ile ya kupandisha. Kabla hawajashusha. Alinishukuru sana. Ni mtu ana adabu."

Nilimfikisha Malinya, nikamwacha kwa rafiki zake, nikageuza gari. Sijui niliendeshaje. Nilimkuta fundi amelala chini ya lori, nikaona miguu yake tu, na nikaanza kuzungumza na miguu hiyo. Nilimwambia ninajua. Nilimwambia nilikuwa mshenzi. Akatoka taratibu, akaketi chini, akaegemea tairi.

"Ulijua kabla hawajashusha," nikasema.

"Nilijua akionyesha ile paa."

"Kwa nini hukusema? Nilikutukana mbele ya watu wote. Mpaka leo wanakuchekanga."

Hakuwa mtu wa maneno.

"Sista, mzee aliuza fahali yake ununue hii kitu. Halafu mimi nimwambie ni yeye ameiharibu? Mbele ya watu? Matusi yako yalikuwa mazito, siwezi kukudanganya. Lakini mimi ningebeba. Yeye hangebeba."

Nikamwambia angalau nimweleze baba, faraghani, kwa upole. Akatikisa kichwa. Akaniomba, na aliniomba kama mtu anayedai haki, kwamba nisimwambie kamwe. Nilizoea kuona watu wakivumilia uchungu, ndiyo kazi yangu, lakini wote walikuwa na sababu na walijua uchungu utakwisha. Huyu aliuchukua wa mtu mwingine akaenda nao nyumbani, na kila siku vijana walimkumbusha. Nikakaa chini pale kwenye mafuta na sare yangu nyeupe.

Sikumwambia baba. Wiki iliyofuata tulipita gereji pamoja, baba akashuka kumsalimia fundi, akampiga bega kwa upendo.

"Fundi, wewe ni mzuri. Ni vipimo tu. Siku nyingine ukipima, uniite nikusaidie."

Nilifunga mdomo kwa nguvu hata meno yakauma. Fundi alimtazama baba usoni, bila kuniangalia mimi.

"Nitakuita, mzee," akasema.

Nilidhani ni adabu tu. Lakini mvua ndefu zilipoanza, mtu wa Shinyalu akaleta gari lenye injini iliyokufa, na asubuhi moja ujumbe ukafika kwetu Khayega kwamba fundi anamwomba mzee afike mjini. Baba alivaa kofia ya kanisani. Nilimpeleka mimi mwenyewe. Nikabaki nje ya gereji nikiwatazama, wazee wawili wameinama juu ya injini ya mtu, baba ameshika ncha moja ya ile kamba ya katani kwa mikono miwili, na fundi akimwuliza kila mara, "Hapo ni sawa, mzee?" na kungoja ajibu.